Mapendekezo Nyuma ya Kitabu cha Tiketi

Bwana Nnunduma, ulisema tuandike,
kila mfanyakazi wazo moja la mchezo mpya,
kabla msimu wa korosho haujafunguka,
watu wa Mtama na Ruangwa wakashuka hapa Lindi
na hela za mnada zingali moto mfukoni.
Mawazo ninayo mengi. Karatasi sina.
Naandika nyuma ya kitabu cha tiketi;
zile namba nyekundu zisikusumbue.

La kwanza ni bibo.
Si gari lenye picha ya bibo. Magari tunayo,
mawili yamekwama tangu Februari.
Nataka bibo lenyewe, la bati, lining'inie juu,
na chini yake, pale pa korosho, akae mtoto.
Maana korosho ndiyo mbegu pekee niijuayo
iliyokataa kufichwa ndani ya tunda.
Imetoka nje kutazama, imejishikiza kwa ukucha.
Mtoto azungushwe vivyo hivyo, miguu hewani.
Rangi iwe nyekundu. La njano watasema embe.

La pili ni mjusi wa Tendaguru.
Babu wa bibi yangu alibeba pande la mfupa wake
kichwani, siku nne, mpaka bandarini hapa.
Akalipwa, akarudi. Hakuwahi kumwona amesimama.
Wanasema huko Ujerumani amesimama,
kichwa kinakaribia paa.
Sisi tujenge shingo tu. Shingo inatosha.
Fundi Chilumba ataichomelea kwa mabomba ya kisima,
mtoto apande, iinuke polepole,
aione Kitunda ng'ambo, ayaone mashimo ya chumvi,
halafu alione bati moja lenye kutu kati ya mabati
apige kelele: Lile la kwetu!
Kwa kelele hiyo mzazi hatadai chenji.

La tatu, treni. Najua unaitaka ya umeme.
Mimi nasema isiwe hata na reli.
Ile ya Nachingwea iling'olewa kabla mama hajazaliwa,
na shangazi yangu mpaka leo anakuelekeza njia:
"Ukivuka reli, kata kushoto."
Unavuka majani.
Basi, kamba ndefu, watoto waishike,
mbele awe Mkulya wa jenereta, honi apige kwa mdomo.
Siku umeme ukikatika, ni hii tu itakayotembea.

Nilitaka kuishia hapo.
Lakini mwaka wa sita huu nakaa geti la bembea kubwa,
na kuna kitu hakimo kwenye hesabu zako.
Kila familia ina mshika viatu.
Wanakuja watano, wanakata tiketi nne.
Mmoja anabaki chini
na ndala, na mikoba, na mtandio wa mtu,
na andazi lililong'atwa mara moja,
shingo kaikunja nyuma, anahesabu vichwa vikipita.
Nne. Nne. Nne.

Mara nyingi ni mama.
Idi iliyopita alikuwa baba, wa Nyangao nadhani,
shati lake bado lina vumbi la salfa.
Nikamwambia, "Panda bure, viatu nitashika mimi."
Akaniangalia kama niliyemkopa.
"Sasa nani atawaona?" akasema.

Sikuwa na jibu. Nimekaa nalo swali hilo miezi,
nikirudisha chenji, nikifunga minyororo.

Wazo la nne, basi, ni misumari.
Ubao mmoja kwenye uzio, misumari arobaini,
viatu vining'inie kama samaki wa kukausha.
Na juu kwenye bembea, kiti kimoja tu
kigeuzwe, kitazame nyuma,
ili anayehesabu naye apande
na hesabu isikatike.

Misumari ninayo. Ubao upo nyuma ya choo.
Nyundo aliichukua Chilumba.

Somoe Nandonde, geti la tatu.

Nimeharibu tiketi saba kuandika haya.
Sita nikate kwenye mshahara.
Ya saba niachie, nina safari nayo.